Vifaranga wa Nyumbani Nairobi: Januari, Masika, Julai au Septemba?

Kuku amelalia. Ukimsogelea anavimbisha manyoya na kukukoromea, na umtoe kiotani mara ngapi, atarudi. Unajiuliza umwekee mayai sasa hivi au umwachishe kulalia mpaka mwezi mwingine. Mwenye mashine ndogo ya kutotolesha anasumbuliwa na swali hilo hilo, pengine zaidi, maana mashine haina msimu. Ukiiwasha Aprili itatotoa, ukiiwasha Julai itatotoa. Tofauti inaanza vifaranga wakishatoka.

Kwanza tuziweke kando kalenda za Uingereza na Marekani zinazosambaa mitandaoni. Huko watu hutotolesha baridi ikiisha, kwa sababu kuku wao hupunguza kutaga siku zinapofupika, na baridi yenyewe ni ya theluji. Nairobi iko kusini mwa ikweta kwa nyuzi moja na kitu tu. Mchana wa Juni na mchana wa Desemba hautofautiani hata kwa robo saa, kwa hiyo kuku wetu hutaga na kulalia mwaka mzima. Kinachobadilika huku ni mvua, baridi na mfuko wa mnunuzi.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hulihesabu vibaya. Usichague mwezi wa kutotoa, chagua miezi miwili inayoufuata. Yai huchukua siku 21. Kifaranga naye huhitaji joto la kuongezewa kwa wiki tatu hadi sita, kutegemea hali ya hewa, na ugonjwa wa kuhara damu, yaani koksidiosisi, humvizia hasa akiwa na wiki tatu hadi sita. Kwa hesabu hiyo, kifaranga aliyetoka mwishoni mwa Februari, jua likiwaka, ni kifaranga wa masika. Aliyetoka katikati ya Agosti huku watu bado wamevaa masweta ni kifaranga wa Septemba.

Tutakavyopima

*Joto.* Wiki ya kwanza kifaranga anataka nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi pale alipolala, kisha unapunguza kama nyuzi tatu kila wiki. Pengo kati ya joto hilo na joto la chumba lazima lijazwe na kitu: stima, makaa, au mwili wa mama yao. Na Nairobi si moja. Ruai, Utawala na Embakasi ziko chini na zina joto kuliko Dagoretti, Karen na upande wa Ngong.

*Unyevu na maradhi.* Vimelea vya kuhara damu hukomaa kwenye maranda yaliyolowa. Ndui ya kuku huenezwa na mbu, na mbu hufuata maji. Kideri, yaani Newcastle, hakingoji msimu wowote. Hicho dawa yake ni chanjo tu.

*Mayai.* Yai linalosubiri kuatamiwa linapenda ubaridi wa nyuzi 15 hadi 18, tena lisikae zaidi ya wiki moja. Likipita nyuzi 20 na kitu, kiinitete cha ndani huanza kukua kidogo kidogo kabla ya wakati na kudhoofika.

*Watakapokomaa.* Jogoo wa kienyeji hufika mezani akiwa na miezi mitano hadi sita, na temba, yaani kuku jike mchanga, huanza kutaga kwenye umri huo huo. Kienyeji walioboreshwa, kama wale wa KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo, hutangulia kidogo. Kwa hiyo tarehe ya kutotoa ndiyo inayoamua kama kuku wako watakuta Krismasi, Pasaka, au Januari ya karo ambapo kila mtu anauza na hakuna anayenunua.

Januari hadi mwanzo wa Februari

Huu ndio msimu rahisi kwa gharama za joto. Mchana hupanda hadi nyuzi 26 au zaidi, na vifaranga wa wiki ya tatu wanaweza kukaa saa za jua bila taa. Usiku bado unapoa, hilo lisikudanganye. Hatari hapa ni ya upande mwingine: banda la mabati yasiyo na dari likipigwa na jua la saa saba linakuwa jiko. Vifaranga wakitanda mabawa na kuhema midomo wazi, wamezidiwa na joto, na taa ya joto ikiwa bado inawaka juu yao utawapoteza kwa saa chache.

Maranda hukauka yenyewe, kuhara damu hupungua, na vumbi ndilo kero. Lakini dirisha ni jembamba. Aliyetoka wiki ya kwanza ya Januari ana miezi miwili na zaidi masika yakianza katikati ya Machi. Aliyetoka baada ya tarehe 10 Februari atanyeshewa akiwa na wiki tano au pungufu, yaani mahali pabaya kabisa.

Ugumu wa kweli uko kwenye hesabu ya kurudi nyuma. Ili vifaranga watoke mwanzoni mwa Januari, mayai yawekwe katikati ya Desemba. Hapo ndipo nusu ya jiji inafunga virago kwenda ushago. Nani atageuza mayai tarehe 25? Nani atajaza maji kwenye mashine? Kuku aliyelalia anajitosheleza zaidi, ila naye anataka mtu wa kumwekea chakula na maji. Tena kuna kuku wa zawadi. Watu wanarudi Januari na jogoo ndani ya kikapu kutoka kwa shangazi, wanamwachilia bandani siku hiyo hiyo, na kideri kinaingia naye. Ukitotolesha Januari, mgeni akae peke yake kwa wiki mbili hata kama ametoka kwa nyanya yako.

Mayai yenyewe hayapendi msimu huu. Chumba chenye paa la mabati hupita nyuzi 25 mchana, kwa hiyo kusanya kwa siku nne au tano tu, uyaweke mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani. Hewa kavu nayo hukausha utando wa ndani ya ganda, kifaranga akatoboa tundu na kukwama hapo hapo. Kwenye mashine, siku tatu za mwisho unyevu upande hadi asilimia 65 au 70, na usiifungue kila dakika kuchungulia.

Majani ni haba, sukuma wiki inapanda bei, kwa hiyo utategemea gunia la chakula. Majogoo watakomaa Juni au Julai, soko likiwa la kawaida tu. Temba wataanza kutaga wakati wa baridi. Msimu huu unamfaa anayetaka mayai kuliko nyama, asiye na uwezo wa kulipia joto, na anayebaki mjini Desemba.

Masika: Machi hadi Mei

Watu wengi wakisikia masika wanafikiria baridi. Usiku wa Aprili kwa kweli si wa baridi sana, mawingu hulifunika jiji na kuzuia joto lisitoroke. Julai ni mbaya zaidi kwa mbali. Kinachoua vifaranga wa masika ni maji: mvua ya upepo inayoingia kwenye waya, sakafu ya udongo inayofyonza kutoka chini, na stima inayopotea usiku wa radi. Kifaranga aliyelowa hupoteza joto haraka hata kama chumba si baridi.

Kuhara damu ndiko adui mkuu. Maranda yanayoshikamana ukiyafinya mkononi yabadilishwe leo, si Jumamosi. Zungushia chombo cha maji mbao au matofali ili wasimwage, ning'iniza chombo cha chakula usawa wa kifua chao, na kama sakafu ni ya udongo inua brooda, yaani kizimba cha kulelea vifaranga kwa joto, juu ya fremu ya mbao. Mash, yaani chakula cha kuku cha unga, nayo ikipata unyevu huota ukungu, na sumukuvu haionekani kwa macho. Nunua kidogo kidogo, gunia likae juu ya mbao na mbali na ukuta. Wanaoishi bondeni, karibu na mito ya Mathare au Ngong, wanakumbuka mafuriko ya Aprili 2024. Kwa ploti ya namna hiyo sioni sababu ya kutotolesha masika hata mama wa kuku awe hodari vipi.

Na huyo mama mwenyewe ni jambo la kuangalia. Kuku hujua kufunika vifaranga, lakini pia hupenda kuwatoa alfajiri kwenye nyasi zenye umande na matope. Mfungie kwenye kizimba kikavu kwa wiki tatu za mwanzo. Atalalamika, mwache alalamike.

Upande wa mazuri si mdogo. Majani yamejaa, mchicha na terere vinaota vyenyewe, kumbikumbi wanatoka, na kuku wazazi wanakula vizuri kuliko miezi ya kiangazi. Mayai huwa machafu kwa matope, basi weka nyasi kavu kwenye viota kila siku na uchague yaliyo safi. Kuyaosha huondoa kinga ya ganda. Kwenye mashine, hewa ina unyevu wa kutosha, na ukijaza maji kama ulivyofanya Januari vifaranga watatoka wakiwa wamevimba na vitovu vibichi.

Kwa soko, vifaranga wa Mei huanza kutaga Oktoba au Novemba, trei za mayai zikianza kutafutwa kwa keki na chapati za Desemba. Majogoo wa Aprili watakuwa wamekomaa Septemba na Oktoba. Unaweza kuwashikilia hadi Krismasi wawe wakubwa kweli, lakini kila wiki ya kusubiri ina chakula chake.

Masika yanamfaa mwenye banda la sakafu ya saruji, paa lenye ukingo mrefu, na mtu wa kushinda nyumbani. Asiye na hivyo viwili vya kwanza angoje.

Baridi: Juni hadi katikati ya Agosti

Hapa ndipo kuna mvutano wa kweli, kwa sababu msimu mbaya kuliko yote kwa kifaranga ndio unaolipa vizuri kuliko yote. Hesabu: weka mayai kabla ya tarehe 10 Juni, watoke mwisho wa mwezi au mwanzo wa Julai, na kufikia Desemba 20 una majogoo wa miezi mitano na nusu. Kila muuza kuku mjini anaijua hesabu hii.

Gharama yake ni joto. Usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 10 au 12, na kuna siku jua halionekani kabisa. Vifaranga wanaohisi baridi hulundikana kona moja, wa chini wakakosa hewa. Usiamini kipimajoto pekee. Saa nne usiku nenda ukawaangalie: wakiwa wametawanyika na kunyamaza, wako sawa, wakiwa rundo moja chini ya taa wakilia, ongeza joto, wakiikimbia taa, punguza. Brooda iwe ya mviringo, hata ya katoni zilizounganishwa, isiwe na kona za kulundikania.

Wenye jiko la makaa wasikilize hapa. Liwashiwe nje hadi moshi uishe na makaa yote yawe mekundu, na hata hapo chumba kiwe na mwanya wa juu wa kupitisha hewa. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu, haibagui kuku na mtu. Usilaze vifaranga na jiko ndani ya chumba wanacholala watoto, hata kama ni usiku mmoja tu.

Kosa la pili la msimu huu linatokana na huruma: kuziba kila tundu kwa magunia na nailoni. Joto linabaki, ndiyo, lakini mvuke wa kinyesi unabaki nao, macho ya vifaranga yanaanza kutoa machozi na kifua kinaziba. Ziba upepo wa chini unaowapiga wao, acha mwanya karibu na paa. Manyunyu ya Julai hayaleti maji mengi, ila maranda hayakauki. Yageuze mara kwa mara. Mbu wamepungua, na hiyo ni nafuu kwa upande wa ndui.

Mayai, ajabu, yanafurahia. Chumba cha kawaida cha Nairobi mwezi wa Julai kina ubaridi ule ule ambao yai la kutotolesha linautaka, huhitaji kufanya lolote. Tatizo ni mashine ndogo. Ikiwa kwenye chumba cha baridi inahangaika kushikilia nyuzi 37.5, na stima ikipotea usiku inapoa kwa kasi. Iweke chumba cha ndani, na uwe na blanketi la kuifunika bila kuziba matundu ya hewa.

Kwa maoni yangu, baridi ndiyo msimu ambao kuku aliyelalia anaipita mashine wazi wazi. Yeye ni joto lisilopotea saa tisa usiku. Ila mpunguzie mayai: badala ya 12 au 13 mpe manane hadi kumi, kwa sababu lazima wote waenee chini ya mabawa yake hadi waote manyoya, na kufikia wiki ya tatu si wadogo tena.

Baridi inamfaa anayelenga Krismasi na amekwisha kupiga hesabu ya makaa au stima ndani ya bei yake ya kuuzia. Inamfaa pia mwenye kuku hodari wa kulea. Haimfai anayejaribu kwa mara ya kwanza huko Dagoretti au Ngong akiwa na balbu moja na katoni.

Mwisho wa Agosti na Septemba

Baridi inaachia, jua linarudi, na mvua za vuli kwa kawaida huanza baada ya katikati ya Oktoba. Aliyetoka wiki ya mwisho ya Agosti anahitaji joto la usiku kwa wiki tatu au nne, na vuli ikifika ana karibu miezi miwili. Aliyetoka mwisho wa Septemba anakutana nayo akiwa na wiki tatu au nne, kwa hiyo huyo umhesabu kama wa masika. Maradhi ni machache, mayai bado yanahifadhika bila shida, na mashine haisumbuki. Mayai yawekwe mwanzoni mwa Agosti, ukiwa bado unajikunja kwa baridi. Wengi hukosa dirisha hili kwa kungoja joto lije kwanza.

Chakula kinasaidia pia. Mahindi ya Bonde la Ufa huanza kuvunwa karibu Oktoba, wakati kuku wako wanaingia umri wa kula sana.

Lakini Krismasi hawaiwahi. Desemba watakuwa na miezi mitatu au minne, wembamba, wanaokula gunia wakati ambao pesa inatakiwa kwingine, na Januari karo inabisha hodi ukiwa huna cha kuuza. Majogoo hukomaa Februari na Machi, kwa hiyo soko lao ni Pasaka, na temba huanza kutaga kipindi hicho hicho. Idd nayo husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, basi ihesabu upya kila mara. Msimu huu unamfaa anayeanza, na anayefuga kwa ajili ya jikoni kwake zaidi ya soko.

Vifaranga wa Oktoba na Novemba sitawapa sehemu yao. Ni masika madogo: hatari zile zile, siku chache zaidi, na mwishoni wanafungukia kiangazi cha Januari badala ya baridi ya Juni.

Ukiwa katika hali hii

Ukiwa hujawahi kulea vifaranga na unachagua tarehe bila shinikizo, lenga watoke mwisho wa Agosti, au mwanzo wa Januari kama husafiri.

Ukitaka kuuza Krismasi, huna budi kukubali Juni na Julai. Fuga wachache kuliko unavyotamani, ili joto ulilonalo liwatoshe. Ukiona huwezi, nunua vifaranga waliolelewa hadi wiki nne au tano mwezi wa Agosti kwa mtu unayemwamini. Ni ghali kwa kila kichwa, lakini wiki zenye vifo vingi zimelipwa na mwingine.

Ukitaka mayai ya nyumbani yasikatike, usitotoleshe mara moja kwa mwaka. Kundi la Januari na kundi la Agosti yanapishana vizuri: la kwanza linaanza kutaga katikati ya mwaka, la pili linaanza mapema mwaka unaofuata.

Kama nyumba yako iko Ruai, Njiru au Kitengela, unaweza kutotolesha msimu wa baridi bila wasiwasi mkubwa, ila uogope zaidi joto la mabati la Februari. Kama ni Kinoo au Ngong, ni kinyume chake: uogope baridi zaidi.

Kuku akilalia Aprili na banda lako ni la udongo, mwachishe. Mtoe kiotani, mweke kwenye kizimba chenye sakafu ya waya, chenye mwanga na hewa, na chakula na maji visikose. Kwa kawaida siku chache zinatosha, na baada ya wiki kadhaa atarudi kutaga.

Na kama vifaranga wako ni kumi tu, shaurianeni na majirani kabla ya kuweka mayai. Chanjo ya kideri huuzwa kwenye agroveti kwa chupa ya dozi nyingi, na ikishachanganywa haihifadhiki hadi kesho. Nyumba tatu zikitotolesha wiki moja, chupa moja na mtaalamu mmoja wa mifugo wanatosha wote, msimu wowote mtakaouchagua.